Msimbazi Unaanzia Pugu

(Hotuba ya afisa misitu mstaafu mbele ya wakazi wa mitaa ya kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam)

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako, viongozi wetu wa dini, wazee wenzangu, akina mama, vijana: Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Nashukuru kwa kuitwa, na nashukuru zaidi kwa kiti, maana mzee akipewa kiti kabla ya maikrofoni ajue wenyeji wamemheshimu. (Kicheko.)

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mzee, njoo utuzungumzie mafuriko." Nikamwambia mimi ni mtu wa misitu, habari za madaraja na mifereji waulizeni wahandisi. Akasema njoo hivyo hivyo. Basi nimekuja, na nitazungumza ninachokijua, nacho ni Pugu.

Wangapi hapa wamewahi kuingia msitu wa Pugu? Simaanishi mnadani. Mnadani najua mmekwenda wote, mbuzi wa sikukuu hajileti mwenyewe. Naulizia msituni. Naona mikono michache sana. Na yule kijana wa bodaboda kanyoosha mkono nusu, sijui alifuata nini kule, tutaongea baadaye. (Kicheko.) Haya, wangapi wameingiliwa na maji ya Msimbazi ndani ya nyumba? Eeh. Shusheni, shusheni mikono. Mmeyapokea maji ya kule miaka yote hii, na wengi wenu hamjafika yanakotoka.

Ukishika Barabara ya Nyerere ukapita uwanja wa ndege, ukapita Ukonga na Gongo la Mboto, gari huanza kupanda. Hiyo ndiyo milima ya Pugu. Tunaiita milima, lakini haifiki hata mita 350 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Lushoto akionyeshwa atauliza mlima wenyewe uko wapi. Juu kule ndipo ulipo mji wa Kisarawe, na ubavuni kuna misitu miwili, Pugu na Kazimzumbwi, ambayo siku hizi imeunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Eneo lake ni zaidi ya hekta 7,000. Hadhi hiyo ya mazingira asilia ina maana kwamba humo huruhusiwi kukata hata fito ya kujengea banda la kuku. Watu huruhusiwa kuingia kutembea, kujifunza na kufanya utafiti, basi.

Mto wenu unaanzia kwenye milima hiyo. Unateremka kilomita 35 hivi, ukipita Ukonga, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, mpaka unamwaga baharini pale Selander. Na wenzetu wa Temeke wasicheke, Mto Mzinga wao nao chimbuko lake ni vilima hivyo hivyo.

Desemba 2011 hakuna asiyeikumbuka hapa. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini, na waliobomokewa wakapelekwa Mabwepande. Baadhi yenu mmerudi, nawaona. Sitawasema. Mtu harudi bondeni kwa kupenda matope. Anarudi kwa sababu bondeni ndipo ilipo riziki yake, na kutoka Mabwepande kuja kuuza samaki Feri ni nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya Mungu.

Sasa nitasema jambo ambalo wenzangu wa misitu hawalipendi. Msitu wa Pugu hauwezi kuzuia mafuriko ya Jangwani peke yake. Ukisikia mtu anawaambia pandeni miti Pugu na maji hayatawafuata tena, muulize amewahi kukaa bondeni masika. Mvua ikinyesha mfululizo siku tatu, msitu nao hushiba na maji hushuka. Na sehemu kubwa ya maji yanayowafikia kwa kishindo haitoki msituni kabisa. Inatoka kwenye mabati ya Gongo la Mboto, sementi ya Tabata na lami ya kila mahali. Mwaka 1967 mkoa huu ulikuwa na watu laki tatu na nusu hivi. Sensa ya 2022 imehesabu milioni 5.38. Wote hao wanaezeka, na hakuna bati linalonyonya maji.

Kwa nini basi niwapotezee jioni kwa habari ya msitu? Kwa sababu ya mchanga.

Siku mkienda Pugu, ingieni kidogo pale ambapo miti haijaguswa, mchukue kijiti mfukue chini. Kwanza mtakuta majani makavu. Chini yake majani yaliyolowa na kuanza kuoza, meusi, yamefungwafungwa na nyuzi nyeupe za ukungu. Chini tena ni vizizi vyembamba vilivyosukana kiasi kwamba kijiti hakipiti. Ndipo unafika kwenye udongo, na udongo wa Pugu ukiutazama vizuri ni mchanga uliochanganyika na udongo mweupe, ule unaoitwa kaolini, wa kutengenezea vyombo vya kauri. Wajerumani waliujua, na baadaye ukachimbwa mgodi. Mashimo yake bado yapo na popo wamehamia humo kwa maelfu. Udongo wa namna hii, ukiwa umefunikwa na majani na mizizi, ni mtulivu. Mvua inapigwa kwanza na matawi, inadondoka kwenye majani, inazama polepole. Sehemu yake utaiona Agosti na Septemba kama kijito chembamba kinachoendelea kutiririka wakati kwingine kumekauka.

Vua ule mfuniko uone. Tone la mvua linapiga mchanga moja kwa moja, juu panaganda utando mgumu, maji yanakosa pa kuzama, yanakimbia, na yakikimbia hayaendi mikono mitupu. Linaanza kama mfereji wa upana wa kiganja. Masika mbili baadaye ni korongo ambalo ng'ombe akitumbukia mnamtoa kwa kamba. Mchanga huo wote unaenda wapi? Hauna pa kwenda isipokuwa chini, na chini ni kwenu. Ukichanganyika na mchanga wa kingo zinazobomoka Ukonga na Kinyerezi, na taka tunazotupa wenyewe, kitako cha mto kinapanda. Ndiyo maana mnaona mvua ambayo zamani ingepita chini ya daraja leo inapita juu ya barabara. Katapila linakuja Jangwani, linatoa mchanga, mnapiga makofi. Masika ijayo mchanga mwingine umeshuka. Serikali imechukua mkopo mkubwa wa Benki ya Dunia kwa ajili ya bonde hili, na daraja refu la Jangwani ni jambo jema, siliombei mabaya. Ila daraja hata liwe refu namna gani, likijengwa juu ya mto unaojazwa kutoka juu, wajukuu zenu watakuja kuketi hapa kusikiliza hotuba kama hii. (Makofi.)

Ni nani anaufungua msitu? Hapa huwa tunapenda kunyoosha kidole kwa watu wa Chanika, Nzasa, Buyuni na vijiji vya Kisarawe. Wamesemwa sana. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na mivutano ya mipaka kule Kazimzumbwi: watu wanalima, wanaondolewa, wanarudi, kesi zinakwenda mahakamani. Nimeifanya kazi hiyo, nimebeba ramani na rangi nyekundu ya kupaka miti ya mpaka. Na msimamo wangu, nausema nikiwa mstaafu kwa hiyo hakuna wa kunikata mshahara, ni kwamba bunduki na doria zinauchelewesha uharibifu tu. Kinachouamua ni soko. Na soko la mkaa haliko Nzasa.

Wengi wenu mmeuona mkaa ukiwa kwenye gunia tu, kwa hiyo niwaeleze tanuri. Mchomaji anachagua mti mgumu, kwa sababu nyinyi wanunuzi mnataka mkaa usioisha haraka. Anakata magogo, anayapanga kama jeneza kubwa, anafunika kwa nyasi mbichi, juu ya nyasi anamwaga udongo mpaka pasionekane mwanya, kisha anawasha upande mmoja. Moto unatembea ndani kwa ndani siku kadhaa. Lazima alale pale pale, maana udongo ukipasuka usiku hewa inaingia na asubuhi anakuta majivu. Anasoma moshi: mweupe mzito maana yake kuni bado zinatoa maji, ukigeuka samawati mwembamba kazi inakaribia kwisha. Ni kazi ngumu na ina ujuzi wake. Lakini tazameni hesabu yake: katika kilo 100 za kuni kavu, tanuri la udongo kama lile linatoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Zilizobaki zimepanda na moshi. Kisha gunia lake la lumbesa linapakiwa kwenye pikipiki, taa zimezimwa, saa nane usiku, na asubuhi mama mmoja hapa anapima kwa kopo mbele ya nyumba yake.

Simlaumu mama huyo. Wala simlaumu anayenunua. Nimesikia wataalamu wakija kwenye mikutano na mtungi wa gesi wa mfano, wanasema ukipiga hesabu ya mwezi gesi ni nafuu kuliko mkaa. Huenda ni kweli. Lakini mtu anayepata pesa kwa siku hapigi hesabu ya mwezi. Ana elfu moja, anataka kupika sasa, na mkaa unauzwa kwa kopo. Gesi kwa miaka mingi haikuuzwa kwa kopo. Ndiyo maana nafurahi kuona zimeanza kuja mita za gesi za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Hilo ni jambo la msitu kuliko mabango mengi ya "Tunza Mazingira" niliyowahi kuyasimika. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kama shule zimekatazwa kuni na mkaa tangu mwanzoni mwa 2024. Mheshimiwa Diwani, shule za kata hii mnazifahamu. Sitauliza moshi ule ulionisalimia wakati naingia ulikuwa wa nini. (Kicheko, makofi.)

Lakini nisiwafanye mwone msitu kama bomba la maji tu. Nina sababu nyingine za kuupenda.

Kuna mti kule unaitwa msandarusi. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu, na utomvu ule ukidondoka ukafukiwa ardhini miaka na miaka unageuka kitu kigumu, cha rangi ya asali, unaweza kukuta na mdudu amenaswa ndani akiwa mzima mzima. Hiyo ndiyo sandarusi. Karne ya 19, kabla Dar es Salaam haijawa mji, Wazaramo walikuwa wanaichimba nyuma ya pwani hii ya Mrima, inapelekwa Unguja, inasafishwa, kisha inapakiwa melini mpaka Hamburg na mpaka Salem kule Marekani, ikawe vanishi ya kung'arishia magari ya farasi na fanicha za matajiri. Ile mbichi, chakazi, ilikuwa na bei ndogo. Ya thamani ilikuwa ya kuchimbwa, tena mara nyingi mahali ambapo mti wenyewe ulishakufa zamani na hakuna anayeukumbuka. Mchimbaji alikuwa anafaidi mti uliosimama kabla ya babu wa babu yake. Nikiwaza hayo, halafu nikimwona mtu anaangusha msandarusi uchomwe, uliwe na jiko Jumamosi moja, nashindwa hata kukasirika.

Na kuna komba. Komba mnawajua wale wa mashambani, wanalia usiku kama mtoto. Pugu na Kazimzumbwi kuna komba mwingine, anaitwa komba wa Rondo, kwa sababu alitambuliwa huko Rondo, Lindi. Huyu hayupo nchi nyingine yoyote duniani, na hapa kwetu yupo kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani, kikiwemo Pande hapo juu ya Mbezi. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai moja la kuku. Aliwahi kuingizwa kwenye orodha ya viumbe 25 wa jamii ya kima na nyani walio hatarini kuliko wote duniani. Wageni wanapanda ndege kuja kumtafuta. Ukienda na kurunzi usiku, ukamulika chini chini kwenye vichaka, unaona macho mawili mekundu kama makaa, yanaruka, yanatulia, yanaruka tena, na mwili wenyewe huuoni. Wataalamu humtofautisha na binamu zake kwa sauti. Nami nimesimama nao gizani, wakiwa wameshika vinasa sauti, tumenyamaza wote, mbu wanatula, halafu kwa mbali linapita treni. Upande huu kiumbe asiyepatikana popote, upande ule Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1905 na kuipitisha kwenye milima hii. Siku hizi na SGR nayo ina kituo Pugu. Ni vigumu mtu wa Dar kusema msitu uko mbali.

Historia nyingine mnaijua: Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Hiyo iko vitabuni, tusiirudie.

Bali niwaambie kejeli moja ya milima ile. Mji wa Kisarawe, uliokaa juu ya chimbuko la mito yetu, ulikuwa na shida kubwa ya maji miaka mingi. Akina mama walikuwa wanachota madimbwi. Mpaka mwaka 2020 ulipozinduliwa mradi wa kuvuta maji kutoka Kibamba ndipo wakapumua. Kwa hiyo fikirieni ombi tulilokuwa tunawapelekea: tunzeni msitu, msikate, msilime, ili wa bondeni wasifurikiwe, na nyinyi endeleeni na madimbwi yenu. Mtu atakuitikia ndiyo mzee, na usiku atanoa shoka. Ningekuwa mimi ningenoa.

Hapa ndipo pana kazi yenu, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuja. Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua usimamizi shirikishi: vijiji vinavyopakana na msitu vinakuwa na kamati, vinakaa na wahifadhi, vinasikilizwa. Ni jambo zuri. Lakini katika vikao vyote nilivyohudhuria vya misitu ile, upande mmoja wamekaa wahifadhi, upande wa pili wamekaa wanavijiji wanaoambiwa waache. Sikumwona mtu wa Kigogo. Sikumwona mtu wa Jangwani aje aseme, "Ndugu zangu, mimi mchanga wenu umeniingia chumbani, tukae tuone sisi wa mjini tunaweza kuwachangia nini ili msilazimike." Anayeumia na anayekata hawajawahi kuonana. Wanazungumza kupitia serikali, na serikali ikiwa katikati kila mmoja anaomba fidia yake.

Kwa hiyo Mwenyekiti, ombi langu ni dogo. Chagueni watu wenu wachache, si lazima wawe wasomi, mama lishe mmoja, muuza mkaa mmoja, huyo hasa, na kijana mmoja anayejua kusema bila kupiga kelele. Andikeni barua kwa wahifadhi wa TFS pale Kisarawe na kwa serikali za vijiji vinavyopakana na hifadhi, muombe kikao. Mkienda msianze na lawama. Waulizeni wanaishije, wanauza nini kingine zaidi ya mkaa, ufuta wao unafika soko gani, mananasi yao wanayanunua nani na kwa bei gani. Jiji la watu milioni tano liko mlangoni mwao, na bado bidhaa yao inayopata mteja kwa uhakika kuliko zote ni gunia jeusi. Hilo ni tatizo la biashara, na nyinyi watu wa Kariakoo mna akili ya biashara kuliko afisa misitu yeyote.

Na msitu wenyewe hauhitaji mengi. Mkipita kwenye maeneo yaliyokatwa mtaona visiki vimechipua. Miti mingi ya pwani kisiki chake hakifi kirahisi. Kikiachwa, kisichomwe moto, kisilimwe, kinatoa machipukizi masika ya kwanza tu. Tumezoea sherehe za kupanda miche, viongozi wanapiga picha, miche inakauka Julai. Pugu kwa sehemu kubwa hapahitaji miche. Panahitaji kuachwa.

Huku kwetu nako pana la kufanya. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe shughuli za kudumu. Najua tukiisoma hapa kwa sauti nusu ya mkutano utaondoka. (Kicheko.) Siisomi kuwatisha. Naisoma kwa ajili ya wanaochimba mchanga kwenye kingo usiku na kuuza kwa lori, maana hao hawakai bondeni, na malori yao mnayajua namba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nauli ya kwenda Pugu si kubwa, magari yanapatikana Gongo la Mboto, na wahifadhi wanatoza kiingilio kidogo kwa Mtanzania. Nendeni asubuhi, vaeni viatu vya kufunika, na msiende na redio. Nimemaliza, lakini kuna mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja gesi. Mwenyekiti, naomba aanze yeye.